Ndovu Mwenye Miwani

"Hawa ndovu wawili ni wa mkono mmoja?"

Aliyeuliza alikuwa mkubwa wangu kazini. Aliniuliza mimi kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na digrii humo ofisini, na alipenda kunikumbusha. Mbele yangu palikuwa na karatasi mbili. Moja ilikuwa ukurasa uliochanwa kutoka kwenye kijitabu cha katuni, fotokopi tu, kilichokuwa kikizunguka mji mzima wa Voi bila jina la mtu. Ya pili ilikuwa imechorwa muda huo huo kwa penseli, na aliyeichora alikuwa ameketi upande wa pili wa meza, mikono juu ya magoti, akitazama dirishani kana kwamba ndovu wake hamhusu.

Nikiwasimulia watu kisa hiki, hudhani nilisita ili kumlinda rafiki. Kumlinda nilitaka. Lakini jibu lenyewe sikuwa nalo. Nilikuwepo yule ndovu wa kwanza alipozaliwa. Nilimwona akianza mkia, akipata masikio, akivalishwa tai. Hata hivyo nisingeweza kuapa alikuwa mkono wa nani.

Tulikuwa wanne, na nisipoeleza jinsi tulivyofanya kazi, mambo mengine hayataeleweka.

Huyo aliyekuwa akitazama dirishani alikuwa fundi wa mabango. Kibanda chake kilikuwa kando ya barabara kuu, upande ambao malori ya Mombasa hupumzika, na mabango mengi ya mji yalitoka kwake: vinyozi, bucha, gereji, makanisa. Jina lake halikuwa kwenye hata moja. Nilipomuuliza kwa nini, alinicheka.

"Chuo," alisema, maana ndivyo alivyoniita tangu siku ya kwanza, "mwenye bucha akiona jina lako chini ya ng'ombe wake, anadhani unataka nyama ya bure."

Wa pili alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kutoka Mghange, juu milimani. Jumamosi aliteremka kutoka baridi ya kwao akiwa na sweta ambalo hakulivua hata jua la Voi liwake vipi, akalala kwa ndugu yake, na Jumapili akatuletea kimanga, muhogo na maharagwe yaliyopondwa pamoja, ndani ya bakuli la plastiki. Wa tatu tulimwita dada wa saiba. Watu wake ni wa Pwani, Waislamu walioingia Voi zamani na biashara ya vitambaa. Yeye alikuwa ameajiriwa kwenye duka la kompyuta na fotokopi, ndiyo saiba yenyewe. Mwenye duka alikuwa mzee wa kanisa, na kila Jumapili alimwachia dada huyu ufunguo, kwa kuwa ndiye mfanyakazi pekee ambaye hakuwa na ibada siku hiyo. Tangu nyimbo za kwanza mpaka matangazo ya mwisho, duka lilikuwa letu, mlango wa chuma ukiwa umeteremshwa nusu.

"Karatasi tumenunua, wino tumenunua," alikuwa akisema akiwasha mashine. "Umeme tumwachie Mola."

Wa nne nilikuwa mimi. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nikakaa nyumbani hadi mama akaacha kuniuliza, kisha nikapata nafasi ya kujifunza kazi katika ofisi moja ya mji, zile nafasi ambazo vijana wenye digrii hupewa ili wasishinde wakilaumu serikali. Kuchora nilijua kidogo. Kuuliza nilijua sana.

Kanuni yetu kubwa ilikuwa kwamba ukurasa hauwi wa mtu mmoja. Mmoja anaanza kwa penseli, anausukuma kulia. Wa pili anaongeza. Wa tatu anapitisha wino juu ya yote, na wa nne anaandika maneno. Ukurasa unaofuata, zamu zinabadilika. Na huruhusiwi kumuuliza mwenzako alikusudia nini, unachokikuta unakiendeleza. Kanuni hiyo aliileta fundi. Alisema mkono wake umeshazoeleka, mtu akiona mkunjo wa herufi kwenye bango anajua ni wake hata bila jina, kwa hiyo njia pekee ya kuuficha ni kuuchanganya na mingine. Kanuni ya pili: hatuchori uso wa mtu aliye hai. Wanyama tu.

Mnyama wetu mkuu alikuwa ndovu, mwenyekiti wa kamati ya fidia. Usiku anakula shamba la mkulima wa Mahoo. Asubuhi anavaa tai, anaketi nyuma ya meza na kupokea malalamiko ya shamba lililoliwa. "Ulimwona mhusika?" anamuuliza mkulima. "Nilimwona." "Alikuwa na kitambulisho?" Mambo kama hayo. Watu walicheka kwa sababu wengi wao walikuwa wamewahi kukaa kwenye benchi hilo na fomu mkononi. Vijitabu vilipanda milimani na mwalimu, chini ya vitabu vya mazoezi, na vilifika Taveta ndani ya makreti matupu ya nyanya. Mfanyabiashara mmoja alituambia kwamba kwenye kinyozi kimoja cha Bomeni mteja hanyolewi mpaka amalize kusoma, kwa sababu anatikisa kichwa akicheka.

Mimi jambo hilo lilinifurahisha na kunisumbua kwa pamoja. Jumapili moja nilisema wazi.

"Haya. Tuseme mtu anataka kuishi kwa kuchora. Aende Nairobi, gazetini. Wamwambie lete kazi zako. Apeleke nini? Ndovu wa watu wanne?"

"Apeleke ndovu mzima," mwalimu akasema. "Watajua wenyewe pa kukata."

"Siulizi kwa mzaha, mwalimu."

"Nami sikujibu kwa mzaha, binti. Nimefundisha kuchora miaka mingi. Watoto wamejua kunakili ramani ya Afrika. Hiki hapa ndicho kitu changu pekee ambacho mtu amekisoma bila kulazimishwa. Unataka nikiandikie jina nifukuzwe kazi?"

"Basi si kazi. Ni siri tu."

"Huyu naye!" dada wa saiba akasema. "Maswali kama ya polisi wa barabarani. Kula kimanga, mwanangu, ujaze mdomo."

Nilitegemea fundi acheke. Hakucheka. Alikuwa akifuta brashi yake kwa kitambaa, taratibu kuliko ilivyohitajika.

"Wacheni Chuo," alisema. "Ana pointi. Mzee wangu alipaka mabango hapa Voi maisha yake yote. Sasa amelala. Nionyesheni bango lake moja." Alitutazama mmoja mmoja. "Si mnaona? Yamepakwa juu. Mengine nimepaka juu mimi mwenyewe."

Kisha akatuambia habari aliyokuja nayo. Ofisi yetu, yaani ofisi niliyokuwa nikifanyia kazi, ilikuwa imeamua kupaka picha kwenye ukuta mrefu ulio kando ya soko: kilima cha Sagalla, mkonge, wanyama, watu wa wilaya na mazao yao. Walitafuta wachoraji, wakaangalia kazi zao, na yeye ndiye aliyechaguliwa. Mkataba haukuwa umetiwa sahihi bado. Lakini ndani yake palikuwa na kifungu kimoja alichokisema mara mbili ili tusikie vizuri: mchoraji ataandika jina lake kwenye kona ya chini, kwa herufi zinazosomeka.

"Nataka jina langu likae mahali mvua inaweza kulinyeshea," alisema.

Mwalimu alisimama akampa mkono wa kulia akiushikilia kwa wa kushoto, kama anayempa pole au hongera, sijui. Sote tulielewa, hata hivyo, kwamba aliyekuwa na ukuta huo mkononi ni mkubwa wangu, na kwamba siku fundi atakapojulikana kuwa mmoja wa wachora katuni, ukuta umekwenda.

Ni Jumapili hiyo hiyo tulipofanya kosa. Nimelifikiria mara nyingi, na bado naliona kama kosa ambalo wangeweza kulifanya watu wenye kanuni kama yetu tu. Mwalimu ndiye aliyeanza ukurasa. Alichora ndovu amekaa, mkonga umeinuka kidogo, na kwenye ncha ya mkonga akaweka miwani, kwa sababu ndovu anayesoma fomu lazima atakuwa na miwani. Akausukuma kwangu. Mimi nikaona shingo tupu, nikamvalisha tai, ndefu, ikapita juu ya tumbo na kulala mezani. Nikausukuma. Aliyeshika wino akakuta ncha ya tai iko karibu na miwani, pengo dogo tu katikati. Pengo likamchukiza jicho. Akaziunganisha.

Hakuna aliyeutazama ukurasa kwa utulivu. Ng'ambo ya barabara mhubiri alikuwa amefikia baraka za mwisho. Dada wa saiba aliuweka kwenye mashine, mashine ikanguruma, karatasi zikaanza kutoka, tukapiga pini za stepla na kutawanyika. Siku hiyo kalamu ya wino ilishikwa na fundi na ilishikwa na dada, kwa kupokezana. Ni nani aliyeishika wakati wa ukurasa ule, wala wao wenyewe hawakukumbuka, au walisema hawakukumbuka.

Jumatatu asubuhi mkubwa wangu aliingia kikaoni, akaketi, akavua miwani, akaipulizia pumzi, akainua ncha ya tai yake na kuanza kuifuta.

Alikuwa akifanya hivyo kila siku. Alikuwa akifanya hivyo kwenye kila baraza, mbele ya umati, huku watu wakimsubiri aanze. Mji mzima ulikuwa umemwona. Nami nilikuwa nimekaa naye meza moja miezi yote hiyo, na nilikuwa nimeichora tai ile kwa mkono wangu, nisimwone. Sasa nilimwona. Kanuni ya kutochora uso tulikuwa tumeishika vizuri kabisa, na mtu akajitokeza bila uso.

Nilitumaini hakuna mwingine atakayeona. Tumaini hilo halikumaliza wiki. Palikuwa na baraza karibu na uwanja, habari za maji. Mkubwa alisimama, akavua miwani, na kabla mkono wake haujaifikia tai, mtu mmoja kutoka nyuma akalia kama ndovu. Alilia vizuri, sauti ndefu. Umati wote ukacheka, akina mama wakajifunika vinywa kwa leso, hata askari akageuza uso. Mkubwa alibaki ameshika miwani hewani. Nilimwona akitafuta macho ya mtu wa kumweleza kinachochekesha. Akayapata yangu. Nikatazama chini.

Kesho yake ukurasa ulikuwa mezani kwake.

"Nani anachora hivi hapa Voi?" aliuliza. Aliuliza chumba, hakuniuliza mimi. Katibu wake, mama mtu mzima aliyekuwa amehudumia wakubwa wengi kabla yake, aliendelea kummiminia chai.

"Wachoraji wa Voi si wengi, mheshimiwa," alisema.

"Ndiyo maana nauliza."

Siku mbili zilipita bila neno, nami nikaanza kulala tena. Kisha siku ya mwisho ya wiki mkubwa akaniita na kuniambia nimwandikie fundi: kabla ya mkataba kutiwa sahihi, afike Jumatatu ofisini, achore ndovu mbele ya macho yake.

Jumapili ile tuliteremsha mlango wote. Joto ndani ya duka lilikuwa la kuoka mkate. Kwa mara ya kwanza mwalimu alivua sweta.

"Akimchora vizuri, amekamatwa," nilisema. "Akimchora vibaya, ukuta anapewa mwingine. Mkubwa si mjinga."

"Achore kwa mkono wa kushoto," mwalimu akasema.

"Mtu wa mabango mwenye mkono wa kushoto ghafla?"

"Basi achore yule ndovu wa kwenye mabango ya hoteli za mbugani. Yule aliyefura. Kila mtu humnakili yule."

"Huyo mwenyewe alimchora yeye," dada akasema. "Bango la njia panda ni lake. Wallahi mtu huyu amejaa mji mzima, hana pa kujificha."

Fundi alikuwa amekaa juu ya katoni ya karatasi, mgongo ukutani, akila kimanga. Alikula kama mtu aliyetoka shambani. Utulivu ule ulinikera.

"Wewe huna la kusema?"

"Nitachora ndovu," alisema.

"Ndovu gani?"

"Chuo, ndovu ni ndovu. Nitachora wangu."

"Wako ndiye aliye kwenye kijitabu."

"Una uhakika?" aliniuliza, akanitazama sawasawa. "Hata wewe huna. Basi atakuwa nao yeye?"

Hapo mlango wa chuma ukagongwa. Tuligeuka mawe. Kurasa za kijitabu kipya, zikiwa hazijafungwa, zilikuwa zimetapakaa kwenye meza yote, na mlango wa nyuma duka halikuwa nao. Ukagongwa tena. Dada wa saiba alivuta pumzi, akauliza kwa sauti ya kikazi kabisa, "Nani?" Kumbe ni mama fulani aliyetaka nakala za ratiba ya mazishi; alikuwa ameona taa chini ya mlango. Dada alipokea karatasi kupitia upenyo wa chini, akapiga nakala, akazirudisha kwa njia ile ile, akamwambia pole kwa msiba.

Mwalimu alikuwa wa kwanza kusema tena. Aliniambia mkubwa bila shaka atataka maoni yangu, kwa vile hupenda kunionyesha mbele za watu. Nikiulizwa, niseme ni mikono miwili tofauti, nionyeshe sikio, nionyeshe kucha, niongee Kiingereza kidogo. Dada alikubali. Mimi nilikubali. Fundi alifungua mdomo, akaufunga, akapeleka kipande kingine cha kimanga.

Ndiyo hiyo Jumatatu niliyoanza nayo. Fundi alikuja na shati lililopigwa pasi. Alipewa karatasi na penseli. Hakuuliza ndovu wa aina gani, hakuomba kifutio. Alianza mkia, kama alivyozoea. Nilisimama nyuma ya kiti cha mkubwa nikisikiliza penseli, nikiomba mkono ule ukosee mahali. Haukukosea. Aliweka mgongo kwa mstari mmoja, akaweka masikio, akaweka mikunjo ya goti. Alikuwa ndovu mzuri, hana tai, hana miwani, anatembea. Alipomaliza aliigeuza karatasi ili mkubwa amwone sawasawa, akarudisha mikono magotini.

Mkubwa alizilinganisha kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza swali lake.

Niliinama. Maneno ya mwalimu yalikuwa tayari mdomoni: sikio, kucha, Kiingereza kidogo. Nilitazama sikio. Sikio la kijitabuni lilikuwa na mkunjo kama wa hili la penseli. Kumbe ni lake? Lakini mkunjo huo huo niliwahi kuuchora hata mimi, baada ya kuuona kwa dada, aliyeuona kwa mwalimu. Mguu wa mbele ulikuwa wa mtu mwingine kabisa. Mgongo ungeweza kuwa wake, kama si wino kupita juu. Nilikuwa nimefika na uongo uliokwisha tayarishwa, na macho yangu yakaanza kutafuta ukweli kama vile kuna mtu atakayenipa alama. Mkubwa alikohoa.

"Sijui," nilisema.

"Hujui?"

"Sijui, mheshimiwa. Nimetazama, na sijui."

"Chuo kikuu walikufundisha nini?"

Nyuma yangu katibu aliacha kupiga taipu. Fundi alitoa macho dirishani, akanitazama kwa mara ya kwanza. Mkubwa alivua miwani. Mkono wake mwingine ukaenda kwenye tai, ukaishika ncha, ukaanza kuinuka. Halafu ukasimama katikati ya kifua. Sote wanne tuliokuwa mle chumbani tuliuona ukisimama. Aliiachia tai polepole, akatoa kitambaa mfukoni, akafuta miwani kwa kitambaa.

"Ukuta utaupaka wewe," alimwambia fundi. "Umechora vizuri kuliko wale wengine. Lakini jina hutaweka."

"Mkataba unasema—"

"Mkataba sijatia sahihi. Utaandikwa upya. Wewe si umezoea kuchora bila jina?"

Nilidhani fundi atainuka aondoke. Ningekuwa mimi ningeondoka, au napenda kuamini hivyo. Alikaa. Alitazama karatasi yake, akaitazama ile nyingine, na mwishowe akasema, "Nitaanza lini?"

Alipaka ukuta ule kwa majuma mengi, peke yake, juu ya ngazi iliyofungwa kwa kamba, watu wakinunua mboga chini yake. Kilima kipo, mkonge upo, ndovu wapo wakiteremka kunywa maji. Kwenye kona ya chini amepaka nyasi. Nimewasikia wageni wakiuliza ni kazi ya nani, na wauza nyanya wakijibu kuwa ni ya serikali.

Jumapili iliyofuata ile Jumatatu, fundi hakuja kwenye saiba, wala ile nyingine. Mwalimu alisema ametuuza ili apate ukuta, na hata huo ukuta ameuziwa nusu. Dada wa saiba alisema mtu akichoka achwe apumzike. Mimi nilikuwa upande wa mwalimu. Nilimwona fundi kama mtu aliyesimama mbele ya mkubwa na kukubali kufutwa, baada ya sisi kukaa kwenye joto lile tukimtafutia njia. Nafasi yangu ya kazi ilipokwisha hawakuiongeza, wala hawakunieleza sababu. Kijitabu kilitoka mara moja zaidi, na ndovu wa toleo lile hakuwa akisimama vizuri, miguu inaelea. Baada ya hapo mwalimu alihamishiwa shule nyingine, mashine ya fotokopi ikaharibika, na tukaacha. Miaka iliyofuata nimeketi na wachoraji wengi wasio na jina, Nairobi na Mombasa, wakijadili kama kazi hii ni kazi, na kila mara nimewatolea mfano wa fundi wa mabango wa Voi aliyechagua ukuta.

Mwaka jana nilikuwa Taveta siku ya soko. Katibu yule wa ofisi, ambaye sasa amestaafu na analima ndizi huko Mahoo, ndiye aliyeniona kwanza.

"Wewe ulikuwa mkaidi, binti yangu!" alisema akinishika mkono bila kuuachia. "Eti sijui! Mbele ya mkubwa!"

"Ilikuwa kweli, mama."

"Kweli au si kweli, ulimwokoa yule kijana. Ungesema mikono ni tofauti, angekwisha yeye, na nyinyi wengine mngetafutwa."

Nilimwambia amechanganya. Kusema mikono ni tofauti ndiko kungemwondolea lawama. Alinitazama kwa huruma, akaweka mkungu wake wa ndizi chini, akanieleza alichokisikia kupitia mlango uliokuwa haujafungwa vizuri. Katikati ya wiki ile ya baraza, kabla hata hajaitwa, fundi alifika ofisini peke yake akamwambia mkubwa kwamba kijitabu ni chake. Alipoulizwa wenzake ni akina nani, alijibu kwamba hana wenzake. Kila mstari ni wake, ndovu, tai, miwani na maneno, na hakuna mtu mwingine aliyewahi kushika penseli. Mkubwa hakumwamini. Ndiyo maana alimwita achore: mikono ikionekana tofauti, ajue amedanganywa na wenzake wapo.